Meza ya Kompyuta: Kuchagua Mafaili Mengi kwa Mkupuo Mmoja

Tangu tulipochapa makala kuhusu kuhamisha picha kutoka kwenye kadi ya kamera kwenda kwenye kompyuta, barua zinazofika mezani kwangu zimekuwa zikirudia jambo lilelile kwa sura tofauti: wasomaji wanajua kunakili faili moja, lakini yakiwa mia wanayanakili moja baada ya jingine hadi jioni. Kwa hiyo ukurasa wa toleo hili nimeutenga kwa jambo hilo peke yake. Nisipotaja aina ya kompyuta, basi nazungumzia Windows, kwa kuwa ndiyo inayotumiwa na wengi walioniandikia.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Mimi ni katibu muhtasi wa shule ya sekondari. Mpiga picha ametuletea kadi yenye picha 340 za wanafunzi wa vidato vyote, na mkuu wa shule anazitaka za kidato cha nne tu, ambazo zipo katikati. Nikibonyeza Ctrl pamoja na A zinachaguliwa zote. Nikibofya mojamoja, ya kwanza inaachwa mara tu ninapobofya ya pili. Nifanyeje? — Katibu, Singida

Marahaba. Kompyuta yako haina kosa lolote. Kwa kawaida yake, mbofyo mtupu wa kipanya una maana ya "hili tu, mengine yaache", na ndiyo sababu picha ya kwanza inaachwa unapoigusa ya pili. Ili isiiache, mkono wako wa kushoto lazima uiambie neno kabla ya mkono wa kulia kubofya, na maneno yenyewe ni mawili tu. Kitufe cha Shift kinasema "kuanzia pale hadi hapa". Kitufe cha Ctrl kinasema "na hili pia", na kama hilo ulilobofya lilikuwa limekwisha kuchaguliwa, basi kinasema "hili litoe".

Tuchukue kazi yako jinsi ilivyo. Fungua kadi, panga picha kwa jina, kisha uzionyeshe kama orodha ya mtindo uitwao Details badala ya vijipicha vikubwa, kwa sababu majina yakiwa yamepangwa juu kwenda chini jicho halipotei. Tuseme kidato cha nne kinaanzia IMG_0112 na kuishia IMG_0187. Bofya IMG_0112 mara moja tu, bila kuifungua. Sasa zungusha gurudumu la kipanya ushuke chini taratibu. Kuzungusha gurudumu hakuondoi uchaguzi wako, hata kama picha ya kwanza imetoweka juu ya kioo. Ukiiona IMG_0187, shikilia Shift, ibofye, halafu uachie. Zote zilizo katikati zitabadilika rangi kwa pamoja.

Kabla hujafanya jambo lingine, tazama pembe ya chini kushoto ya dirisha. Hapo pana maandishi madogo ambayo watu wengi hawajawahi kuyasoma, nayo yanataja ni vitu vingapi vimechaguliwa. Toa 112 kutoka 187, ongeza moja, unapata 76. Maandishi yakisema 75, usihangaike na kipanya. Yamkini mpiga picha alifuta moja ndani ya kamera na namba yake ikarukwa. Ni afadhali uligundue hilo wewe kuliko aligundue mkuu wa shule baada ya kuhesabu wanafunzi.

Sasa tuseme kati ya hizo 76 kuna tatu ambazo mwanafunzi amefumba macho. Shikilia Ctrl na uzibofye hizo tatu moja baada ya nyingine. Zitaachwa, na hesabu ya chini itashuka hadi 73. Tuseme pia kwamba wapo waliochelewa ambao walipigwa picha baadaye, kuanzia IMG_0240 hadi IMG_0251. Shikilia Ctrl ubofye IMG_0240, kisha shikilia Ctrl na Shift vyote viwili kwa pamoja ubofye IMG_0251. Kundi la picha 12 linaongezeka juu ya lile la mwanzo, na hesabu inakuwa 85. Ukisahau Ctrl hapo mwishoni ukashika Shift peke yake, zile 73 zitaachwa zote na utabaki na 12 tu mkononi, kwa sababu Shift peke yake haijui kuongeza, inajua kuchora mpaka upya.

Mpaka huo huanzia kwenye faili ulilobofya mwisho. Wapo wanaolalamika kwamba Shift "inaanzia mahali inapopenda", na karibu kila mara ukichunguza unakuta kwamba walikuwa wamebofya faili lingine njiani, wakalisahau.

Ukishamaliza kuchagua, unaweza kuachia vitufe vyote, uchaguzi unabaki. Bonyeza Ctrl na C, nenda kwenye folda ya mkuu wa shule, bonyeza Ctrl na V. Jihadhari tu usibofye sehemu tupu ya dirisha kabla ya kunakili, kwa maana mbofyo huo mmoja unaufuta uchaguzi wote. Wala usijaribu kuurudisha kwa Ctrl na Z: kitendo hicho hutengua kazi ya mwisho uliyoifanya kwenye mafaili yenyewe, kwa mfano kuhamisha au kubadilisha jina, hivyo unaweza kuharibu kazi ya asubuhi kwa kujaribu kuokoa ya mchana.

Ctrl na A uliyoidharau ina siku yake. Mkuu wa shule akikuambia anataka picha zote isipokuwa kumi, chagua zote, halafu uzitoe hizo kumi kwa Ctrl. Au chagua hizo kumi peke yake, kisha uende kwenye amri iitwayo Invert selection, ambayo hugeuza mambo kinyume: zilizochaguliwa zinaachwa, na zilizoachwa zinachaguliwa. Katika Windows 10 amri hiyo ipo kwenye kichupo cha Home juu ya dirisha. Katika Windows 11 imejificha ndani ya alama ya nukta tatu.

SWALI: Assalaam alaykum. Nina studio ndogo ya picha. Kila ninapochagua picha za harusi kwa Ctrl ili nimpe mteja, baadaye naona picha zilezile zimezaana: kila moja ina pacha wake mwenye neno Copy mwishoni mwa jina. Kijana wangu anasema ni virusi, na ameshaifuta Windows mara moja akaiweka upya, lakini tatizo limerudi. — Mwenye studio, Mombasa

Waalaykum salaam. Tafadhali mzuie kijana kabla hajaifuta tena, maana mgonjwa hapa si kompyuta, ni kidole. Ctrl ina kazi mbili zinazokaribiana mno. Ukiishikilia na kubofya, inaongeza faili kwenye uchaguzi. Ukiishikilia na kuburuta, inatengeneza nakala. Tofauti kati ya kubofya na kuburuta ni nukta chache za kioo: ukibonyeza kipanya na mkono ukateleza kidogo kabla hujaachia, kompyuta inaelewa kwamba umezibeba picha na kuzidondosha palepale zilipokuwa. Tena hubebi ile moja uliyoigusa, unazibeba zote ulizokwisha kuzichagua, na ndiyo maana ukiwa umefika picha ya 60 unapata nakala 60 kwa mtelezo mmoja. Kipanya kilichochakaa na kile kibao cha kugusa cha laptopu, hasa vidole vikiwa na jasho, huongeza balaa.

Nami nimewahi kuingia mkenge huo. Nilikuwa nikipanga picha za harusi ya ndugu yangu, flashi ikakataa kupokea kwa madai kwamba imejaa, nami nikailaumu flashi kwa nusu saa nzima kabla sijatulia kusoma majina ya mafaili na kukuta kila bibi harusi yuko mara mbili.

Ukiliona jambo hilo papo hapo, Ctrl na Z ndiyo dawa, kwa sababu safari hii kuna kazi halisi ya kutengua. Ukiliona siku ya pili, wengi watakushauri uandike neno Copy kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya folda, halafu ufute yote yatakayojitokeza. Mimi sikushauri hivyo bila kuyasoma kwanza, kwa kuwa faili uliloliita mwenyewe "Passport copy" nalo litajitokeza na litakwenda na maji. Njia ninayoipenda zaidi ni hii: onyesha mafaili kwa mtindo wa Details, bofya kulia juu ya vichwa vya safu, ongeza safu ya Date created, kisha upange kwa safu hiyo. Nakala hubaki na tarehe ya zamani ya kubadilishwa, lakini tarehe yake ya kuzaliwa ni ile ya siku mkono ulipoteleza, hivyo mapacha wote watajikusanya sehemu moja. Bofya wa kwanza, shika Shift, bofya wa mwisho, hesabu, futa.

Ili lisirudie, achana na Ctrl kabisa na utumie visanduku vya tiki. Katika Windows 10 fungua kichupo cha View na uweke alama kwenye Item check boxes. Katika Windows 11 bofya View, kisha Show, utakuta maneno hayohayo. Kuanzia hapo, ukipitisha mshale juu ya picha, kisanduku kidogo kinajitokeza pembeni yake. Unatia tiki hapa, unatia tiki pale, na uchaguzi unaongezeka bila kushika kitufe chochote. Mkono ukiteleza hakuna kinachonakiliwa, ingawa ukidondosha juu ya folda nyingine picha zitahamia humo. Nashangaa kwamba visanduku hivyo havitumiki zaidi katika studio, ambako kuchagua picha kwa jicho ndiyo kazi ya kutwa.

SWALI: Kila nikitumia Shift kuchagua mafaili, baada ya muda kompyuta inalia na kuleta kisanduku kinachouliza kuhusu Sticky Keys. Nitakiondoaje? — Mwanafunzi, Mbeya

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilipata kiharusi na mkono wangu wa kushoto hauna nguvu ya kushikilia kitufe. Ninawezaje kuchagua mafaili mengi kwa mkono mmoja? — Mwalimu, Zanzibar

Barua hizi mbili nimeziweka pamoja kwa makusudi, kwa kuwa kile kinachomkera mwanafunzi ndicho anachokitafuta mwalimu.

Kwako mwanafunzi: kisanduku hicho huja Shift inapogongwa mara 5 mfululizo, kwa hiyo inaelekea unaigonga na kuiachia badala ya kuishikilia. Ishikilie, ubofye, ndipo uachie. Tumia Shift ya kushoto, maana ile ya kulia ikishikiliwa kwa sekunde 8 huleta kisanduku kingine tofauti. Kama bado kinakusumbua, ingia kwenye Settings, fungua Accessibility, kisha Keyboard, na uizime njia hiyo ya mkato; katika Windows 10 sehemu hiyo inaitwa Ease of Access.

Kwako mwalimu wangu, shikamoo, na pole kwa maradhi. Wewe kubali kile ambacho kijana anakikataa. Sticky Keys ikiwashwa, kitufe hakihitaji kushikiliwa. Gonga Ctrl mara mbili, nayo itajifunga. Bofya mafaili unayoyataka kwa mkono wako wa kulia bila haraka. Ukimaliza gonga Ctrl mara ya tatu ili ifunguke. Usiisahau hiyo mara ya tatu, kwa sababu Ctrl ikiwa imefungwa, herufi utakazoandika hazitakuwa herufi tena bali amri.

Hatari hiyo ya kusahau ndiyo inayoepukwa kompyuta inapotaka kitufe kishikiliwe. Mmarekani Larry Tesler, aliyefanya kazi katika maabara ya Xerox PARC miaka ya 1970 na baadaye Apple, na ambaye pamoja na Tim Mott alitengeneza programu ya Gypsy iliyotupatia kukata, kunakili na kubandika kama tunavyokujua leo, alipinga maisha yake yote mtindo wa mashine kukaa katika hali fulani ambayo mtumiaji anaweza kuisahau. Hata namba ya gari lake aliiandikisha kwa maneno yenye kukataa mtindo huo. Kitufe unachokishikilia huwezi kukisahau, kwa sababu kidole chako kipo juu yake. Ukiondoa kidole, hali imekwisha. Hoja yake ni ya busara kwa mwenye mikono miwili yenye afya. Kwa asiyekuwa nayo, kufuli ni heri, na Tesler, aliyefariki mwaka 2020, sidhani angegombana nawe.

Ikiwa kufuli hiyo itakuchosha, kuna njia mbili zaidi. Ya kwanza ni vile visanduku vya tiki nilivyomweleza ndugu wa Mombasa. Ya pili ni kuacha kipanya kabisa: Shift ya kulia na vitufe vya mishale vimekaa karibu karibu kwenye kibodi, kwa hiyo kidole gumba cha mkono huohuo kinaweza kushika Shift huku kidole cha kati kikigonga mshale wa chini, na kila unapogonga mara moja linaongezeka faili moja. Ukishika Shift na kugonga End, yanachaguliwa yote kuanzia ulipo hadi mwisho wa orodha.

SWALI: Nina steshenari. Folda yangu ya Downloads ina mafaili zaidi ya 2,000: PDF na hati za Word za wateja zimechanganyika na nyimbo na picha. Nitazitoaje PDF peke yake? Pia, nikichagua hati 10 za Word na kubofya kulia naliona neno Print, lakini nikichagua 30 linatoweka. Je, printa yangu ina hitilafu? — Wa steshenari, Kigoma

Nianze na printa, kwa kuwa huenda ulishaanza kutafuta fundi. Printa yako ni nzima. Windows ina kikomo chake: mafaili yakizidi 15, amri kama kufungua na kuchapa huondolewa kwenye orodha inayotokea ukibofya kulia, ili mtu asije akafungua madirisha mia mbili kwa bahati mbaya na mashine ikasimama. Chagua 15, tuma, kisha chagua 15 nyingine. Na unapobofya kulia, bofya juu ya mojawapo ya yale yaliyochaguliwa. Ukibofya kulia juu ya lingine, uchaguzi wote unahamia kwa hilo moja.

Kuhusu PDF zilizotawanyika, kosa la wengi ni kukimbilia Ctrl na kuzidokoa moja moja kama kuku adonoavyo punje, mbofyo wa mia moja na nne ukikosewa kazi yote inarudi mwanzo. Ifanye kompyuta izikusanye kwanza, ndipo uzichague. Panga folda kwa aina, yaani kwa safu ya Type, na PDF zote zitakaa pamoja. Shift itamaliza kilichobaki. Vinginevyo andika *.pdf kwenye kisanduku cha kutafutia, subiri hadi utafutaji umalizike kabisa, bofya mara moja ndani ya matokeo, ndipo ubonyeze Ctrl na A. Nyota hiyo ni urithi wa enzi za MS-DOS, mfumo wa Microsoft uliotangulia Windows, ambamo ilisimama badala ya jina lolote, na hadi leo haijapoteza kazi yake.

Utafutaji una faida na hasara moja ileile: unaingia hadi kwenye folda za ndani. Ni faida kwa sababu ndiyo njia rahisi ya kuchagua kwa pamoja mafaili yaliyomo katika folda tofauti, jambo ambalo kwa kipanya peke yake haliwezekani. Ni hasara kwa sababu wateja wako watatu huenda kila mmoja alikuletea faili liitwalo CV.pdf, kila moja katika folda yake, na ukiyahamishia yote mahali pamoja Windows itakuuliza kama ilifute la zamani kwa jipya. Usijibu ndiyo kwa mazoea. Chagua kuyabakisha yote mawili, na litakalofuata litaongezewa namba kwenye jina.

Naomba niseme neno ambalo hukuliuliza. Katika PDF hizo, ninashuku kwamba nyingi ni nakala za vitambulisho vya NIDA, vyeti na mikataba ya watu waliokuja mara moja, wakachapiwa, wakaondoka. Hizo hazihitaji kupangwa vizuri, zinahitaji kufutwa. Panga kwa tarehe, bofya ya zamani kuliko zote, teremka hadi ya mwezi uliopita, ibofye ukiwa umeshika Shift, achia Shift, kisha bonyeza Delete.

SWALI: Nimehamia kwenye Mac na Ctrl haifanyi kazi, kila nikibofya nayo inatokea orodha ya amri. — Msomaji, Arusha

Kwenye Mac, kushika Control na kubofya ni sawa na kubofya kulia, ndiyo maana orodha inatokea. Kitufe unachokihitaji ni Command, kilicho kando ya kiambaanafasi: Command na mbofyo huongeza au kutoa faili moja, Command na A huchagua yote, na Shift huchora mpaka ukiwa umeyaonyesha mafaili kwa orodha. Ukitaka kuyahamisha badala ya kuyanakili, bonyeza Command na C, nenda unakokwenda, kisha bonyeza Option, Command na V kwa pamoja. Wenye Linux ya GNOME hutumia Ctrl na Shift kama kwenye Windows, na wana ziada ambayo ningependa wengine waige: ndani ya programu ya mafaili, Ctrl na S hufungua kisanduku cha kuandika *.jpg au ruwaza nyingine yoyote, na mafaili yanayolingana nayo yanachaguliwa yenyewe.

SWALI: Nikituma maombi ya kazi mtandaoni, naombwa nipandishe vyeti. Nashika Ctrl vizuri lakini inakubali cheti kimoja tu. Kwenye barua pepe nachagua vitano bila shida. Tofauti ni nini? — Mtafuta kazi, Eldoret

Tofauti haiko kwako wala kwenye kompyuta yako. Aliyeutengeneza ukurasa wa wavuti ndiye anayeamua kama kitufe cha kupandishia kitapokea faili moja au mengi. Ni neno moja tu analoliandika au kuliacha ndani ya msimbo wa ukurasa. Akiliacha, dirisha la kuchagulia mafaili linafunguka kama kawaida, lakini halitakubali la pili hata ushike Ctrl hadi kidole kife ganzi. Hapo una njia mbili: pandisha kimoja kimoja kama ukurasa una nafasi kadhaa, au unganisha vyeti vyote kuwa PDF moja kabla hujaanza. Usitume faili la zip, yaani mafaili yaliyobanwa pamoja kuwa moja, mahali palipoandikwa PDF, kwa maana mashine ya upande wa pili italikataa kabla binadamu hajaliona.

Kwenye barua pepe kuna ukomo wa aina nyingine. Gmail, kwa mfano, hupokea viambatisho vya jumla ya MB 25 kwa barua moja, kwa hiyo chagua mafaili yako, kisha utazame tena ile pembe ya chini kushoto: kando ya idadi pameandikwa ukubwa wa jumla. Kama uchaguzi wako una folda ndani yake, ukubwa hautaonyeshwa. Bonyeza Alt na Enter, nawe utaletewa hesabu kamili. Folda nzima haiambatishwi kwa dirisha la kuchagulia mafaili. Ama ingia ndani yake na uchague mafaili yaliyomo, ama ibane kwanza iwe zip.

SWALI: Nilichagua mafaili kwenye flashi kwa Shift, nikabonyeza Delete, nikakubali. Baadaye nikagundua kwamba nilikuwa nimechukua mstari mmoja zaidi, na humo mlikuwa na hesabu za kikundi chetu cha akina mama. Kwenye Recycle Bin hamna kitu. Je, zimepotea? — Mweka hazina, Tanga

Pole sana, dada. Kwanza kabisa, kama flashi hiyo bado imechomekwa, ichomoe kwa utaratibu na usiandike kitu chochote ndani yake, hata faili dogo. Recycle Bin hupokea mafaili yaliyofutwa kwenye diski ya ndani ya kompyuta. Yakifutwa kwenye flashi, kwa kawaida hayapitii humo, na onyo ulilokubali lilikuwa likisema yanafutwa moja kwa moja. Vivyo hivyo hutokea mtu anapofuta kwa Shift na Delete, jambo ambalo linawanasa wengi wanaosahau kuondoa kidole kwenye Shift baada ya kuchagua.

Hata hivyo, kufutwa si kuchomwa moto. Kompyuta imeondoa jina la faili kwenye orodha na kuitangaza nafasi yake kuwa ni tupu, lakini maandishi yenyewe hubaki pale hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Microsoft inatoa bure programu iitwayo Windows File Recovery katika duka lake la programu, nayo hutumika kwa kuandika amri. Kama hujazoea, mpe flashi fundi unayemwamini na umweleze kwamba hakuna kilichoandikwa tangu siku ile. Sisitiza jambo moja: mafaili yatakayopatikana yahifadhiwe kwenye kompyuta, yasirudishwe kwenye flashi hiyohiyo, kwa sababu faili la kwanza litakaloandikwa humo linaweza kuangukia juu ya lile ambalo bado linatafutwa.